Mjasiriamali na Mwenye Biashara Ndogo: Je, Wana Tofauti Gani?



Siku hizi neno "mjasiriamali" linasikika kila mahali. Tunalisikia redioni, mikutanoni na hata ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Mwenye genge la nyanya anaitwa mjasiriamali. Mwenye kiwanda cha unga naye anaitwa mjasiriamali. Muuza maandazi, kijana wa bodaboda na fundi cherehani wote huitwa hivyo hivyo. Sasa je, watu hawa wote wanafanya kazi ya namna moja? Na kama si ya namna moja, jambo hilo linatuhusu nini sisi?

Linatuhusu sana, kwa sababu ndani yake mna jambo la kukopa fedha. Mtu asiyejua biashara yake ni ya namna gani anaweza kuchukua mkopo usiomfaa. Mwisho wake hupoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Katika somo hili tutatazama mambo manne:
1. Maana ya neno mjasiriamali.
2. Tofauti kati ya mjasiriamali na mwenye biashara ndogo.
3. Aina za wajasiriamali.
4. Nani akope, na akope lini.

MAANA YA NENO

Neno "ujasiriamali" limeundwa kwa maneno mawili: ujasiri na mali. Ujasiri ni moyo wa kuthubutu. Basi mjasiriamali ni mtu anayethubutu katika mambo ya mali.

Wataalamu wa uchumi walianza kumweleza mtu huyu zamani. Mmoja wao ni Richard Cantillon, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755. Yeye alisema kwamba mtu huyu hununua kwa bei anayoijua, halafu huuza kwa bei asiyoijua bado. Mchuuzi akinunua samaki asubuhi hajui jioni atawauza kwa kiasi gani. Huenda akapata faida, huenda samaki wakamwozea. Hapo ndipo penye kuthubutu. Kwa maelezo haya, kila mchuuzi ni mjasiriamali.

Mtaalamu mwingine, Joseph Schumpeter wa Austria, alikuwa na maelezo tofauti katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1911. Yeye alisema kuuza na kununua peke yake hakutoshi. Mjasiriamali lazima alete jambo jipya. Jambo jipya laweza kuwa mojawapo ya haya matano:
(a) bidhaa mpya;
(b) njia mpya ya kutengeneza bidhaa;
(c) soko jipya;
(d) mahali papya pa kupata malighafi;
(e) mpango mpya wa kuendesha kazi.

Hapa kwetu Tanzania tumezoea zaidi maelezo ya kwanza. Desemba 2018, Rais John Magufuli alianza kutoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo, yaani wamachinga, mama ntilie na wengineo. Kila kitambulisho kililipiwa shilingi 20,000. Kilikuwa cha watu ambao mauzo yao hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Ukigawanya fedha hizo kwa siku 365 unapata karibu shilingi 11,000 kwa siku. Hayo ni mauzo, siyo faida. Vitambulisho hivyo viliitwa vya wajasiriamali wadogo. Basi ndiyo maana leo mwenye genge huitwa mjasiriamali.

Jina hilo ni la heshima, wala hatusemi aondolewe. Lakini tukitaka kupanga fedha zetu vizuri yafaa tuone tofauti iliyopo.

TWENDE KAWE

Ili tuelewe vizuri, hebu twende Kawe. Wengi wetu tuna watoto au ndugu waliohamia Dar es Salaam, na huenda baadhi yao wanaishi huko. Kawe ni kata ya Manispaa ya Kinondoni. Iko kando ya bahari, kaskazini ya katikati ya jiji. Upande mmoja inapakana na Mikocheni, na upande mwingine unakwenda Mbezi Beach.

Zamani Kawe ilijulikana kwa kiwanda cha nyama ya kopo cha Tanganyika Packers, kilichoanzishwa wakati wa ukoloni. Ng'ombe wa wafugaji wetu wa bara walipelekwa kuchinjwa huko. Kiwanda kilifungwa miaka mingi iliyopita. Jina limebaki, na mpaka leo watu hutaja "Tanganyika Packers" wakielekeza mahali. Kiwanda kikifungwa, mshahara nao hukatika. Hapo watu hutafuta njia nyingine, na wengi njia yao ni biashara.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme Kawe kuna akina mama wawili, na wote wanauza samaki.

Mama wa kwanza huamka alfajiri na kununua samaki kwa wavuvi. Huwaosha, huwakaanga kwenye karai, kisha huwauza jioni mbele ya nyumba yake. Wateja wake ni majirani. Amefanya kazi hiyo miaka 10. Karai ni lile lile, mahali ni pale pale, na wateja ni wale wale. Kwa kazi hiyo watoto wamekula na wamesoma.

Mama wa pili naye alianza hivyo hivyo. Siku moja akasikia wafanyakazi wa maofisini wakilalamika: wanapenda samaki wabichi, lakini wakirudi jioni hawana muda wa kuparua magamba na kutoa utumbo. Mama huyu akaazima deli, akaweka barafu. Akaparua samaki, akawasafisha, akawafunga kilo moja moja. Akachukua namba za simu za wateja 10. Wakipiga simu, anawapelekea kwa bodaboda. Wiki ya kwanza alipata hasara, maana barafu iliyeyuka mapema. Akarekebisha. Baada ya miezi miwili wateja walikuwa 30, akamwajiri binti wa kumsaidia kuparua.

Bahari yao ni moja na samaki ni wale wale. Lakini mama wa kwanza ana biashara ndogo, na wa pili ni mjasiriamali kwa maana ya Schumpeter. Hebu tazama yale mambo matano: mama wa pili ameleta bidhaa iliyo tayari kupikwa, amepata soko jipya, na ana mpango mpya wa kuuza kwa simu. Hakuvumbua samaki wala simu, ila ameviunganisha kwa namna ambayo pale mtaani haikuwapo.

TOFAUTI ZAO

Sasa tuziandike tofauti moja moja.

Kwanza, shabaha. Mwenye biashara ndogo anataka riziki ya nyumbani ipatikane kila siku. Mjasiriamali anataka kazi yake ikue na kufika mbali.

Pili, njia. Mwenye biashara ndogo anafuata njia inayojulikana. Mjasiriamali anajaribu njia mpya.

Tatu, hatari. Wote wawili wanaweza kupata hasara. Lakini mwenye biashara ndogo anazijua hatari zake, kwa sababu amekutana nazo mara nyingi. Mjasiriamali anaingia pasipojulikana. Anaweza kupata faida kubwa, na anaweza pia kuanguka vibaya.

Nne, matumizi ya faida. Faida ya mwenye biashara ndogo huenda nyumbani: unga, ada, dawa. Faida ya mjasiriamali sehemu kubwa hurudi kazini.

Tano, kazi yenyewe. Mwenye biashara ndogo akiugua, biashara inalala naye. Mjasiriamali hutafuta watu na utaratibu, ili kazi iendelee hata asipokuwapo.

Jihadhari na kosa moja. Wengine hudhani tofauti ni ukubwa wa mtaji. Sivyo. Ni kweli Serikali hupanga biashara kwa ukubwa. Sera ya mwaka 2003 ya viwanda vidogo na biashara ndogo ilisema: yenye watu 1 mpaka 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 ni ndogo sana, yenye watu 5 mpaka 49 na mtaji mpaka milioni 200 ni ndogo, yenye watu 50 mpaka 99 na mtaji mpaka milioni 800 ni ya kati, zaidi ya hapo ni kubwa. Lakini vipimo hivyo vinatuambia biashara ni kubwa kiasi gani, havituambii inaendeshwaje. Mtu anaweza kuwa na duka la milioni 100 na kwa miaka 20 asibadilishe kitu. Huyo ni mwenye biashara. Mwingine ana shilingi 50,000 na jambo jipya mkononi. Huyo ni mjasiriamali.

Tena, biashara ndogo si aibu. Mtaa ukiwa na wajasiriamali watupu, nani atauza chumvi na kibiriti kila siku? Tunawahitaji wote.

AINA ZA WAJASIRIAMALI

Wajasiriamali nao si wa aina moja. Tutazame aina tano.

1. Mjasiriamali wa lazima. Huyu ameingia kwenye biashara kwa kukosa njia nyingine. Kazi imekwisha, au mazao yamekauka, au mume amefariki. Wengi sana mijini na vijijini ni wa aina hii. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na mwenye biashara ndogo. Akipata kazi ya mshahara huenda akaiacha biashara.

2. Mjasiriamali aliyeona nafasi. Huyu alikuwa na njia nyingine ya kuishi, lakini aliona pengo akalijaza. Mfano ni Reginald Mengi. Miaka ya 1980 nchi yetu ilikuwa na uhaba mkubwa wa bidhaa, na hata kalamu za kuandikia zilikuwa shida. Mengi alikuwa mhasibu mwenye kazi nzuri. Aliagiza vipande vya kalamu, akaanza kuviunganisha nyumbani kwake Dar es Salaam na kuuza. Kutoka hapo alijenga kampuni za IPP. Mwaka 1994 kituo chake cha televisheni cha ITV kilianza kurusha matangazo. Makao yake yako Mikocheni, jirani na hapo Kawe tulipotembelea. Mengi alifariki mwaka 2019.

3. Mjasiriamali mbunifu. Huyu analeta jambo ambalo mahali pale halikuwapo. Mfano mzuri ni daladala. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabasi ya shirika la UDA hayakuwatosha watu wa Dar es Salaam. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa magari yao, ingawa sheria ilikataza. Mwaka 1983 Serikali ikawaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita "dala". Makonda wakanadi "dala, dala!", na jina likabaki. Hakuna aliyevumbua gari. Kilichokuwa kipya ni mpango wa kazi.

4. Mjasiriamali mwigaji. Huyu anaona jambo zuri mahali pengine, analileta kwao. Bodaboda zilianza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda, zikibeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Leo pikipiki za bodaboda ziko karibu kila kijiji chetu. Yule wa kwanza kuileta kijijini alikuwa mjasiriamali, maana alithubutu. Lakini wa thelathini kununua pikipiki kijiji hicho hicho anaingia kwenye biashara iliyokwisha kujaa. Kuiga si vibaya. Ubaya ni kuiga tukiwa tumechelewa, bila kuhesabu wateja.

5. Mjasiriamali mkuzaji. Huyu hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na faida ya ngazi ya chini hujenga ya juu. Said Salim Bakhresa alizaliwa Zanzibar mwaka 1949. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akauza mchanganyiko wa viazi. Miaka ya 1970 alikuwa na mgahawa Dar es Salaam. Baadaye alitengeneza mikate, kisha akaingia kwenye kusaga unga. Leo unga, barafu, juisi na boti zenye jina la Azam zinajulikana ndani na nje ya Tanzania. Tazama mwendo wenyewe: mwenye mgahawa anahitaji mkate, na mwenye kuoka mkate anahitaji unga.

Iko pia aina ya sita, ambayo shabaha yake si faida ya mtu mmoja. Huyu huitwa mjasiriamali wa jamii. Hutumia ubunifu kuondoa tatizo la watu. Mfano uko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya buku hapo. Panya hao hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine hunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu. Mmoja wao, aliyezaliwa Tanzania akaitwa Magawa, alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Nani angedhani mnyama tunayemwona mharibifu shambani angeokoa watu?

NANI AKOPE, NA AKOPE LINI?

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Turudi kwa mama zetu wa Kawe na tupige hesabu. Hesabu hizi ni za mfano tu.

Mama wa kwanza, kwa siku moja:
Mauzo: shilingi 60,000
Samaki: shilingi 40,000
Mafuta na mkaa: shilingi 8,000
Faida: 60,000 – 48,000 = shilingi 12,000
Matumizi ya nyumbani: shilingi 10,000
Zinazobaki: shilingi 2,000

Anakuja mtu kumwambia, "Mama, wewe ni mjasiriamali, chukua mkopo ukuze mtaji." Anampa shilingi 300,000. Atarudisha shilingi 390,000 kwa siku 30. Tugawanye: 390,000 ÷ 30 = shilingi 13,000 kila siku.

Mama anabakiwa na shilingi 2,000 tu kwa siku. Atatoa wapi 11,000 nyingine? Hata watoto wakilala njaa na faida yote ikatolewa, bado anapungukiwa shilingi 1,000 kila siku. Je, mkopo utaongeza mauzo? Akinunua samaki wengi zaidi, majirani ni wale wale na matumbo ni yale yale. Samaki watabaki. Ndipo anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Mwishowe watu wanakuja kubeba kitanda, sufuria na televisheni. Mikopo ya namna hii watu wameipa jina la "kausha damu", na si bure.

Mama wa pili anataka friza ya shilingi 600,000. Faida yake ni shilingi 25,000 kwa siku. Nyumbani anatumia 10,000, zinabaki 15,000. Tugawanye: 600,000 ÷ 15,000 = siku 40. Hata bila mkopo, akiweka akiba siku 40 za kazi anapata friza. Akikopa kwa masharti nafuu anaweza kulipa, kwa sababu wateja wapo tayari na deli halitoshi tena. Yeye alijaribu kwanza kwa kitu cha kuazima, ndipo akafikiri habari ya mkopo.

Basi tujifunze kanuni hizi:

Kanuni ya kwanza: mkopo wa biashara ulipwe na ongezeko la faida litakaloletwa na mkopo huo. Kama hakuna ongezeko, usikope.

Kanuni ya pili: jaribu kidogo kabla ya kukopa kikubwa.

Kanuni ya tatu: uliza utarudisha kiasi gani kwa siku au kwa wiki, halafu gawanya mwenyewe kwa kalamu. Tumejifunza kusoma na kuhesabu kwa ajili ya mambo kama haya. Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hukuisoma.

Kanuni ya nne: tafuta kwanza mikopo isiyo na riba. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuirudisha. Mwulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kwa ufundi na ushauri, lipo pia shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo.

Na mama wa kwanza je, hana la kufanya? Analo. Aweke ile shilingi 2,000 kila siku kwenye kikundi cha akiba. Kwa siku 30 ni shilingi 60,000, nazo ni zake, hadaiwi na mtu. Huo ni mtaji wa siku moja nzima, wa kujaribia jambo moja dogo jipya. Wala asiwaache majirani wanaomlisha kwa ajili ya wateja asiowajua. Wazee walisema: usiache mbachao kwa mswala upitao.

Mwisho, wote wawili wawe na daftari. Upande mmoja waandike fedha zilizoingia, na upande wa pili zilizotoka. Mali bila daftari huisha bila habari.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni somo hili pamoja, kisha mjadiliane.

1. Tajeni biashara 5 zilizopo kijijini kwenu. Ni zipi za riziki ya kila siku, na ni zipi zinazojaribu jambo jipya?
2. Katika mambo matano ya Schumpeter, ni lipi linaweza kufanyika kijijini kwenu kwa mahindi, maziwa, asali au samaki?
3. Bodaboda au mashine za kusaga kijijini kwenu ni ngapi? Je, wateja wanazitosha?
4. Hesabu: mtu amekopa shilingi 200,000, atarudisha shilingi 260,000 kwa siku 20. Atalipa kiasi gani kila siku? Kama faida yake ni shilingi 9,000 kwa siku, je, akope?
5. Wewe mwenyewe ni mjasiriamali au ni mwenye biashara ndogo? Toa sababu mbili.